Kufuli la Mama Pasi

Mama Pasi ni dobi wa hospitali. Wiki nzima anafua na kunyoosha mashuka ya wagonjwa, na siku moja tu ni yake. Lakini wapangaji wenzake siku hiyo ndiyo wanayoingojea. Huyu ana shati, yule ana sare ya mtoto: "Mama Pasi, hii moja tu." Moja tu, moja tu, mpaka jua linazama.

Basi akabuni lake. Asubuhi anampa msusi wa chumba cha pili ufunguo. Msusi anamfungia kufuli kwa nje, wapitao wanajua mwenyewe katoka. Adhuhuri anarudi kumfungulia. Utamu wake usiseme! Anakula kiporo kitandani na kujikuna apendavyo.

Siku hii adhuhuri ikapita, msusi haonekani. Mara akasikia uani wanasema kaitwa kusuka bibi harusi, kaondoka mbio. Na ufunguo umo pochini mwake. Simu ya Mama Pasi nayo iko kwa fundi.

Kitanda kikageuka miiba. Bati linawaka, dirisha lina nondo. Chai hachemshi, harufu ya jiko itamchongea. Chafya ikija anaizibia kwenye mto. Angeita tu, kufuli lingevunjwa. Lakini uso angeuweka wapi? Afadhali aive humo humo.

"Hodi! Dada, ni mimi!"

Mama Pasi akakauka. Mdogo wake! Hawajasemeshana tangu msiba wa mama yao, mdogo mtu alipoulizia cherehani ya marehemu. Mama Pasi aliinuka akaenda zake. Ndivyo alivyo, neno likimkera anainuka, msemaji anabaki akisema na mgongo wake. Na cherehani yenyewe hii hapa, imefunikwa shuka, haijashona hata kifungo.

"Katoka huyo, huoni kufuli?" akasema muuza mkaa wa uani.

"Basi mwambie nilikuja. Na sitakuja tena."

Viatu vikaanza kwenda. Mama Pasi kajiziba mdomo kwa mikono miwili. Viatu vikapita bombani, vikakaribia geti, geti likalia.

"Niko ndani!"

Viatu vikasimama.

"Ndani wapi?" akauliza mdogo wake.

"Ndani kwangu! Kwani nina ndani ngapi?"

Muuza mkaa alicheka mpaka akakalia gunia. "Jamani njooni! Mama Pasi kajifunga kama mbuzi!"

Mdogo mtu hakucheka. Alirudi, akavuta kigoda, akakaa mlangoni.

"Cherehani ya mama iko wapi, dada?"

"Ipo."

"Uliibeba hata hujaniuliza. Mimi si mtoto wake?"

Mama Pasi akainuka, kama kawaida yake. Akaufikia mlango, akausukuma. Kufuli likagonga. Akasimama hapo, jasho linamtiririka, akarudi kukaa.

"Niliibeba," akasema. "Sikukuuliza."

Nje mdogo wake akapenga kamasi. Kisha maneno yakaja, ya miaka yote, na Mama Pasi hana pa kwenda nayo.

Jioni msusi akaingia anahema, ufunguo mkononi. "Mama Pasi, nisamehe mwenzio!"

"Nifungulie, nakufa!"

Mdogo mtu akamshika msusi mkono. "Subiri kwanza, ndugu yangu. Bado sijamaliza." Akaugeukia mlango. "Dada, kaa."

Mama Pasi akakaa.