Ndizi Ambazo Mkaguzi Alizikataa

Saa moja asubuhi, na ukungu bado umelala juu ya migomba ya Suneka. Bathsheba Mokeira, 34, anainua avokado kwenye mwanga, anaigeuza polepole kama anayetazama shavu la mtoto, kisha anabonyeza kikonyo chake.

"Hii haijakomaa," anasema. "Irudi kwa mwenyewe."

Ameifanya kazi hii ya kuchagua matunda miaka saba, katika kiwanda cha kufungasha avokado, kwa shilingi mia sita kwa siku. Nusu ya kiwanda ilikuwa ya kampuni ya ng'ambo. Nusu nyingine ilikuwa ya mfanyabiashara wa Kisii mjini, aliyeingizwa kwa kuwa aliwajua maofisa wa leseni.

Mwaka jana ilijulikana kwamba mfanyabiashara huyo alikuwa akiwahonga maofisa hao. Sheria ya huko ng'ambo huiadhibu kampuni hata kama aliyehonga ni mshirika wake. Basi kampuni ilibaki kuchagua: inunue fungu la mshirika na kumiliki kiwanda peke yake, au ifunge iende. Wafanyakazi sitini na wawili wakabaki roho juu.

Kampuni ikamtuma mkaguzi aje kuona kama inafaa kubaki. Alipokuwa akiaga, Bathsheba alimletea mkungu mdogo wa ndizi tamu.

"Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu," anaeleza.

Mkaguzi alirudi nyuma hatua moja. "Siruhusiwi, mama. Unataka nini kwangu?"

"Nikamwambia, ukifika nyumbani unisalimie mama yako. Akaandika kwenye daftari! Nilitamani ardhi inimeze."

Mogaka, mwenzake wa kwenye mizani, hakumhurumia. "Mokeira, umetufungia kiwanda! Na hongo yenyewe hata haijaiva!"

Wiki tano baadaye meneja, Esnah Nyanchama, aliwasomea barua. Kampuni inabaki, na kiwanda sasa ni chake chote. Hata ndizi zilikuwa zimetajwa humo: mtoaji hakuomba lolote ila salamu.

Bathsheba alilia, akacheka.

Leseni mpya inangojwa kwa foleni kama ya watu wote, kwa hivyo kazi ni siku tatu kwa wiki. Siku nyingine hukaa shambani kati ya miche yake thelathini ya avokado, akiwaza.

"Mwenye vyote akichoka, huondoka na vyote," anasema kwa sauti ya chini. "Naota sisi wachaguaji na wakulima tukiwa na fungu letu kiwandani, hata dogo."

Jumapili, Sabato yao ya Jumamosi ikishapita, watakutana kuiandikia kampuni barua ya kuomba fungu hilo.

Namuuliza, wakikataliwa je?

Anatabasamu. "Watakuwa wametujibu, dada. Mtu hamjibu asiyemwona."