Dola nazitunza, faranga zinapotelea wapi? Yaliyonikuta Baraka

Wakuu, salamu kutoka mji wa Baraka, huku ziwani. Hii sikusimuliwa na mtu, imenikuta mwenyewe, na mke wangu amekubali niiandike.

Mimi ni fundi wa injini za boti. Wenye boti wananilipa kwa dola.

Na huku kwetu, kwa msiojua, dola ndiyo pesa. Inakunjwa vizuri, maana ikichanika kidogo tu sokoni wanaikataa. Faranga, pesa ya nchi yenyewe, ni za matumizi ya mkononi. Ukishavunja noti ya dola, zile faranga hakuna anayekuuliza.

Basi nikawa navunja.

Tulikuwa tunatafuta pesa za mabati. Nyumba yetu kuta zimesimama zamani, juu bado ni turubai, na mvua ikinyesha watoto wote wanahamia kona moja. Kila mwezi mke wangu anauliza dola zimefika ngapi, kila mwezi zimepungua.

Mwisho akaacha kuuliza. Jioni moja akaniambia kwa upole, na huo upole ndio ulionitisha:

"Baba Wilondja, kama uko na bibi mungine, uniambie tu. Nijue ni nani anakulaka hii nyumba yetu."

Niliapa sina. Akauliza basi pesa zinaenda wapi. Pombe sinywi, karata sichezi. Hata mimi nikataka kujua.

Nikakata bidoni ya njano, lile dumu la mafuta, nikaiweka chini ya kitanda. Sharti moja: kitu chochote kidogo nikinunua, jioni natia humo faranga sawasawa na nilizotoa. Nikikosa za kutia, kesho sinunui.

Siku ya kwanza nilicheka. Chai na mandazi pale bandarini, tena chai na mandazi. Kuchaji simu, mega za intaneti za kuangalia mpira. Pikipiki hadi nyumbani, na nyumbani kwangu napaona nikiwa bandarini! Halafu shemeji akaomba vocha. Huyu shemeji ana simu mbili, sijui anampigia nani.

Baada ya wiki kadhaa bidoni ilikuwa inakaribia kujaa, sikucheka tena.

Mvua zilipokaribia tuliibeba bidoni kwa mama mmoja anayebadilisha pesa sokoni. Dola alizotupa zilitosha mabati ya chumba cha watoto. Nikajua mke wangu atafurahi, maana sasa nimesafishwa ile shaka ya mwanamke mwingine.

Tulipofika mlangoni akaangalia lile turubai:

"Ingekuwa bibi, ningemufata nimugombeze. Sasa mandazi nitaigombeza namna gani? Myaka yote batoto banalowana sababu ya mandazi."

Wakuu, iliniuma kuliko kama angenitukana.

Nilichojifunza ni kwamba hakuna aliyeniibia, nilikuwa natoa mwenyewe huku nacheka. Watoto sasa wanalala pakavu. Sisi wawili bado tuko chini ya turubai, na bidoni imerudi mahali pake.

Nyie mnaolipwa dola, semeni ukweli hapa chini: ukivunja ishirini asubuhi, jioni unajua ilikokwenda?