Upepo wa Mjomba

Singida kuna upepo. Sisemi upepo wa kupeperusha kanga. Nasema upepo wa kukubebea sufuria mpaka uani kwa jirani, halafu uende kuiomba kwa shikamoo. Sasa watu wa mkoa huohuo niliwaona kwa macho yangu wakipanga foleni, wazee kwa vijana, kila mmoja akisubiri zamu yake ya kupulizwa na feni. Na aliyeanzisha ni mimi, kwa hiyo wacha niseme mwenyewe kabla hajaisema mwingine vibaya zaidi.

Nilikuwa darasa la sita tulipohamishiwa kijiji kipya, mbele kidogo ya Sepuka. Aliyetuhamisha ni mjomba wangu, kaka yake mama, dereva wa basi la ushirika. Wiki nzima alisomba watu, vitanda, kuku na milango. Safari ya mwisho alituleta sisi ndugu zake, na hapohapo springi ya nyuma ikakatika. Wenzetu walishushwa porini wakaambiwa jengeni. Sisi tulibaki ndani ya basi: mimi, mama, bibi na mjomba. Ushirika ulituma neno kwamba mjomba alilinde gari mpaka springi ipatikane. Springi ikakaa miezi.

Kijiji kizima kilituonea wivu. Eti tuna nyumba ya bati, ina vioo, ina viti arobaini. Hawajawahi kukaa ndani ya bati saa saba mchana mwezi wa kumi. Vioo vilikuwa vimeganda kwa kutu, vimebaki viwili tu vinavyofunguka, na hivyo viwili bibi alivikaba kwa magunia kwa sababu vumbi lilikuwa linaingia kwenye uji wake. Upepo wote wa Singida ulikuwa nje unapiga mluzi, na sisi ndani tunaiva kama viazi.

Ila tulikuwa na feni. Ilikuwa juu ya usukani, feni ndogo ya dereva, upana wake kama sahani ya chai, inakula umeme wa betri ya gari. Mjomba alikuwa na masharti nayo kuliko padri na divai. Feni iliwashwa mara moja tu kwa siku, baada ya chakula cha mchana, na ilizimwa bibi akianza kukoroma. Kila asubuhi alipiga honi mara moja, fupi, huku ameinamisha kichwa anasikiliza. Honi ikilia kama jogoo, betri ni nzima. Ikilia kama mbuzi, siku hiyo hakuna feni. Jumapili aliwasha injini kidogo ili betri ipate chaji, kisha anatumbukiza kijiti kwenye tangi la dizeli, anakitazama, anaguna. Dizeli iliyobaki ilikuwa ya kumfikisha mjini tu.

Zamani hayo yote hakuyahitaji. Mwanzoni basi lilisimama kwenye mteremko nyuma ya kijiji, na gari lililo mteremkoni hata betri ikifa linashuka lenyewe, unaachia klachi, linawaka. Lakini akaja bwana mmoja kutoka wilayani na kamba. Alifunga kamba hiyo kuanzia mwanzo wa kijiji mpaka mwisho, nyumba zote zikae mstari mmoja.

"Hii nayo ilete kwenye mstari," akamwambia mjomba.

"Hili ni gari, bwana mkubwa."

"Kuna watu wanalala humo?"

"Wapo."

"Hiyo ni nyumba. Ilete kwenye mstari."

Basi la watu likaserereka likichechemea mpaka chini, kwenye mchanga, tambarare kama meza, likawa nyumba ya kumi na nne. Bwana yule akaondoka, kamba ikabaki. Hakuna aliyethubutu kuifungua. Mbuzi walijinyongea hapo, na sisi tuliiruka kila tukienda chooni.

Halafu ikaja barua ya ushirika: springi imepatikana, njoo uichukue, na gari liwe yadini mjini Ijumaa kabla ofisi haijafungwa. Lisipofika litakatwakatwa liwe spea, na dereva wake atatafutiwa kazi nyingine "inayolingana na hali". Mjomba alinisomea mara mbili.

"Hali gani hiyo, mjomba?" nikauliza.

"Jembe," akasema.

Jumatatu alfajiri alidandia lori la karanga kwenda Singida. Kabla ya kuondoka alinikabidhi ufunguo wa basi. "Mpwa wangu, honi mara moja asubuhi, basi. Feni usiiguse. Gari hili haliwezi kusukumwa kwenye mchanga huu. Betri hii ndiyo kazi yangu, umenielewa?"

"Nimeelewa, mjomba."

Nilielewa kweli. Tatizo langu si kuelewa, tatizo langu ni mdomo.

Jioni ileile kulikuwa na mkutano wa kijiji. Mimi nilikuwa naandika muhtasari, kwa sababu katibu wetu alikuwa anaandika herufi moja na kupumzika. Mwenyekiti alizungumza mpaka watu wakaanza kuchuna majani. Shamba la pamoja. Jembe la pamoja. Kisima cha pamoja. Ilipofika mengineyo nikanyoosha mkono. Nilitaka tu watu wacheke, haki ya Mungu.

"Ndugu mwenyekiti, shamba la pamoja, kisima cha pamoja. Je, upepo wa mjomba utabaki wa mtu mmoja mpaka lini?"

Walicheka mpaka mzee mmoja akadondosha ugoro. Mwenyekiti hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeona fedha barabarani.

"Hiyo hoja," akasema, "ni nzito."

Nikajaribu kurudi nyuma. "Nilikuwa natania, baba."

"Andika," akasema. "Nani anaunga mkono?"

Mikono ikapanda kama mtama. Kufikia giza tulikuwa na Kamati ya Feni: mwenyekiti wake ni mwenyekiti, na wajumbe ni mabalozi wa nyumba kumi kumi. Mimi nikaandika ratiba kwa mwandiko wangu mzuri, nyumba kwa nyumba, nani ataingia lini (mwenyekiti alijichagulia saa sita, jua la utosini), nikaipiga mstari kwa rula. Nikiambiwa niandike mwandiko mzuri huwa sijizuii. Ndivyo shule ilivyoniharibu.

Jumanne foleni ilianza saa nne. Watu walivaa nguo za kanisani na kanzu za Ijumaa. Nilikaa kwenye kiti cha dereva na ufunguo shingoni, kila anayepanda ngazi nampa shikamoo, mpaka sauti ikaanza kunikwaruza. Waliketi wawili wawili mbele ya kile kisahani, wamefumba macho, midomo wazi. Nje upepo ulikuwa umeshang'oa paa la banda la kuku la jirani. Bibi alikuwa huko nje, kwenye kivuli cha basi, kanga yake inapepea kama bendera, anakoboa mtama.

"Bibi, njoo upate upepo," mjumbe mmoja akamwita.

Bibi alijibu kwa Kinyaturu. Sitatafsiri.

Kila mtu alipewa dakika kumi kwa saa ya mwenyekiti. Ilipofika zamu ya mwenyekiti mwenyewe tukagundua kuwa saa yake imesimama. Alikaa pale mpaka akasinzia. Nikasema, "Baba, muda." Akasema, bila kufumbua macho, "Bado haijatimia, tazama mshale."

Jumatano asubuhi nikapiga honi. Ililia kama mbuzi, tena mbuzi mwenye kikohozi. Nikawaambia feni haiwashwi tena, betri ya mjomba inaisha. Mwenyekiti akatabasamu kwa upole wa kitaalamu.

"Betri ya redio yako ikiisha unafanya nini, kijana?"

"Naianika juani."

"Haya."

Na hapo sina wa kumlaumu, maana kila nyumba ilikuwa na betri za redio zimepangwa juu ya paa kama samaki. Wanaume wanne waliitoa betri ya basi, wakaiweka juu ya jiwe, wakaigeuzageuza mchana kutwa ipate jua pande zote. Jioni wakairudisha, ya moto kweli. Feni ikazunguka mara tatu, ikasimama. "Imeshiba mno," mwenyekiti akasema. "Ipumzike."

Alhamisi saa tisa mjomba akatokea barabarani na springi begani, shati limelowa mafuta. Aliponipita alinipiga kofi dogo la kichwani, la furaha. Akapanda, akabonyeza honi. Ikatoa pumzi tu.

Akabonyeza tena. Kisha akaona ratiba mlangoni.

"Nani kafanya hivi?"

"Kamati, mjomba."

Akaisogelea karatasi. "Mwandiko huu naujua. Mimi ndiye niliyekununulia hiyo rula."

Heri angenichapa. Alikaa kwenye ngazi ya basi, springi miguuni, akatazama ule mchanga. "Kesho Ijumaa," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. Halafu akainuka akaanza kufunga springi, kwa sababu ndivyo alivyo. Nilimshikia spana mpaka jua likazama, na hakuniambia hata neno moja zaidi ya "kumi na saba" na "kumi na tisa".

Asubuhi bibi aliibandua ratiba mlangoni, akanipa. Yeye hajui kusoma. "Twende," akasema. Tukaanza nyumba ya kwanza.

"Soma."

"Nyumba ya kwanza. Mwenyekiti. Jumanne, saa sita."

"Ulikaa kwenye upepo wa mwanangu?" bibi akamuuliza.

"Shikamoo, mama. Kwa niaba ya kamati, nili—"

"Leta ng'ombe wako wa plau."

"Mama, leo ng'ombe wako kwenye shamba la pamoja."

"Na gari nalo limekuwa la pamoja tangu Jumanne. Leta minyororo pia."

Nilisoma ile ratiba mlango kwa mlango, kwa sauti, wala hakuna aliyeweza kukataa, maana jina lake lilikuwa pale, limepigiwa mstari kwa rula. Saa nne tulikuwa na jozi tisa za ng'ombe na kijiji kizima nyuma ya basi. Tulilivuta kinyumenyume kutoka kwenye mstari kuelekea mteremkoni. Kamati ilisukuma kwa mbele. Mwenyekiti alisukuma kwa mdomo, mpaka bibi alipomwonyesha mahali pa kuweka mikono. Tulipofika juu watu walikuwa wanavuja jasho, na upepo uliwapuliza bure, wote kwa pamoja, bila zamu.

Mjomba akaondoa mawe yaliyozuia magurudumu, akapanda, akaweka gia ya pili. Basi likashuka kimya, likashika kasi, akaachia klachi. Likatetemeka, likapiga chafya ya moshi mweusi, likawaka. Barabara ilikuwa upande wa pili wa kijiji, na mjomba hakuthubutu kusimama, maana likizimika tena ndiyo basi. Akapita katikati ya kijiji. Ile kamba ikanyooka, ikalia, ikakatika.

Nilikimbia pembeni ya dirisha. "Mjomba! Mjomba, nisamehe!"

Alikuwa anapambana na usukani kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa unang'oa kitu juu ya dashibodi. Kikatoka dirishani, nikakidaka kifuani, na nyaya zake zinaning'inia.

"Peleka kwa kamati yako!" akasema, akakanyaga mafuta.

Alifika yadini kabla ofisi haijafungwa. Mpaka leo ni dereva wa basi lilelile. Mwenyekiti aliipigilia feni kwenye dirisha la ofisi ya kijiji, dirisha lisilo na kioo, na upepo wa nje ukaizungusha wiki nzima usiku na mchana. Akaitisha mkutano kutuonyesha kuwa betri haikuhitajika tangu mwanzo. Watu wakapiga makofi. Niliandika kwenye muhtasari, kwa mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika.

Mjomba hupita kijijini kila mwezi. Hashuki tena mpaka tambarare. Anapaki kule juu mteremkoni, anaweka jiwe kwenye gurudumu, anapiga honi mara moja, na mimi, nikiwa likizo, napanda kumfuata kwa miguu. Salamu yangu anaiitikia. Ufunguo hajanipa tena.