Jino la Kiranja wa Chakula

Kaka mkuu wetu hajawahi kustaafu. Tulimaliza kidato cha nne zaidi ya miaka ishirini iliyopita, akawa mtendaji wa kata, akaota kitambi na mvi mbili tatu. Lakini alipoanzisha kundi la wasapu la sisi tuliosoma naye shule ya bweni hapa Songea, ujumbe wake wa kwanza ulikuwa amri: kila mmoja aandike yuko wapi na anafanya nini, kwa ufupi, kabla ya jioni. Na sisi, wanaume wazima wenye watoto wa sekondari, tukatii kama tuko mstarini.

Majibu yalifurahisha. Yule aliyekuwa bingwa wa kulala darasani, ambaye mwalimu wa Historia alimrushia chaki mpaka akamkatia tamaa, aliandika kwamba ni dereva wa basi la Songea na Tunduru. Mmoja akaandika chini yake, "Mungu awalinde abiria." Mimi niliandika: "Mkurugenzi, pembejeo za kilimo, Majengo." Si uongo. Nina duka la mbegu na mbolea la mlango mmoja, na mkurugenzi ndiye anayefagia.

Mwingine aliandika tu: "Nipo hapa hapa Songea. Nahudumia wananchi." Huyo tulimkumbuka wote. Alikuwa mdogo wa umbo, mkimya, na kidato cha pili alizimia ndani ya maabara mwalimu wa Biolojia alipompasua chura. Hakuna aliyemuuliza anawahudumia wananchi kwa lipi. Tulidhani yuko kwenye ofisi fulani, na mihuri na mafaili.

Siku chache baadaye gego langu la chini likaanza kuuma. Nilijaribu karafuu. Nikasukutua maji ya chumvi. Nikameza vidonge vya maumivu mpaka tumbo nalo likalalamika. Siku ya nne shavu lilikuwa limevimba, wateja wakinijia kuuliza bei ya mbegu wanaanza kwanza na pole. Mke wangu akanitazama, akasema, "Baba, unauza dawa za kuua wadudu wa mahindi shamba zima. Mdudu mmoja wa jino anakushinda?" Akanishika mkono, akanipeleka kwenye kliniki ya meno aliyoelekezwa na shoga yake wa kwaya.

Nililazwa kwenye kile kiti chao, taa usoni. Daktari akaingia amevaa barakoa, akachukua kadi yangu, akasoma jina. Akasoma tena. Kisha akasimama wima, mikono ubavuni.

"Shikamoo, kiranja," akasema.

Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo tangu nivue sare. Nilikuwa kiranja wa chakula. Maana yake ni kwamba kwa miaka miwili upawa wa maharage ulikuwa mkononi mwangu, na mimi ndiye niliyeamua nani apate maharage na nani apate mchuzi. Daktari akashusha barakoa. Alikuwa yeye, wa chura.

Nilikaa wima. "Wewe? Wewe ndiye daktari?"

"Ndiye mimi. Lala, fungua kinywa."

"Si ulisema unahudumia wananchi?"

"Na wewe ni mwananchi. Fungua."

Akachungulia, akagonga jino kwa kitu cha chuma, nikaruka. Akasema limeoza mpaka kwenye mzizi, halina la kuokoa. Akanidunga sindano ya ganzi, kisha akavuta kigoda akakaa karibu na kichwa changu kusubiri iingie. Hapo ndipo alipoanza kunipa habari za wenzetu. Mimi mdomo wazi, pamba ndani, siwezi kuuliza wala kupinga. Nesi wake, mama wa makamo, alikuwa akipanga vifaa huku anatabasamu.

"Siri za wagonjwa hatuzitoi," alianza. "Ila kuna kiongozi mmoja alikuja hapa, siwezi kumtaja. Zamani alikuwa anatuamsha alfajiri ya Juni, baridi ile ya Songea unayoijua, tukimbie mchakamchaka, na akituita wanawake tukitetemeka. Huyo alimshika nesi wangu mkono kuanzia sindano mpaka mwisho."

"Na akaomba tuanze kwa sala," nesi akaongeza.

"Lakini siwezi kumtaja," daktari akasema. "Alikuwa kaka mkuu."

Nilicheka kadiri pamba ilivyoniruhusu. Shavu lilikuwa limeanza kufa ganzi, nikapata ujasiri. Nikamuuliza, kwa maneno yaliyokuwa yakitoka ubavuni mwa mdomo, yeye aliyezimia kwa chura aliwezaje kufika kwenye kazi ya damu.

Akasema hakukusudia. Baada ya mtihani alikaa nyumbani kwao karibu mwaka mzima, kisha akapata kibarua cha usafi kwenye kituo cha afya. Siku moja wakamwita ashike taa wakati mgonjwa anashonwa mguu, akaanguka. Wiki iliyofuata akaanguka tena. Mganga wa pale, mzee asiyependa maneno mengi, hakumfukuza. Alimletea stuli. "Kaa ndipo utazame," akamwambia. "Anayezimia amekaa haendi mbali." Akawa anatazama akiwa amekaa, mara tatu kwa wiki, mpaka siku moja akagundua kwamba amesahau kukaa. Mzee yule ndiye aliyemsukuma arudie mtihani wa Biolojia, na ndiye aliyempeleka chuo.

"Unaona hiki?" akasema, akigonga kigoda alichokalia. "Mpaka leo sing'oi jino nimesimama. Watu wanadhani ni uchovu."

Nilitaka kuonyesha kwamba na mimi nilikuwa na mchango katika maisha hayo. Nikamwambia, kwa mdomo ule ule wa upande mmoja, "Unakumbuka siku ile nilivyokubeba mpaka bwenini?"

Hadithi hiyo nimewasimulia wanangu mara nyingi. Mwenzetu kaanguka, wote wameduwaa, baba yenu akajitokeza akambeba mgongoni.

Daktari akairekebisha taa. Hakukasirika.

"Hukuwa wewe," akasema. "Aliyenibeba ni yule mlalaji, dereva wa Tunduru. Wewe ulikuwa umekaa juu ya meza unacheka. Nilipozinduka, sauti ya kwanza kuisikia ni yako, unalia kama chura. Ukaendelea kunililia hivyo kwenye foleni ya chakula mpaka tunamaliza kidato cha nne."

Nesi aliacha kupanga vifaa. Mimi nikabaki nimeangalia taa. Jambo la ajabu ni kwamba aliposema tu, nikakumbuka. Niliiona ile meza, nikaiona miguu yangu ikining'inia. Hata ile sauti niliikumbuka, maana nilikuwa naijua sana, na watu walikuwa wakinisifia kwayo.

"Nifamehe," nikasema. Midomo ilikuwa imekwisha kufa.

"Nini?"

"Nifamehe!"

"Nesi, mgonjwa anasema anataka nini?"

"Anasema anataka samli," nesi akajibu.

Nikasema kwa mara ya tatu, kwa sauti, mate yakinitiririka kidevuni. Daktari akanifuta kwa kitambaa. Macho yake yalikuwa yanacheka, ila sauti ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nimesikia tangu ya kwanza," akasema. "Haya, shika kiti."

Gego lilitoka kwa shida, lilikuwa na mizizi kama mti wa msituni. Akanipa pamba ning'ate, akaniamuru nisiongee mpaka kesho yake. Mke wangu alipoambiwa sharti hilo pale nje, alimshukuru daktari mara mbili.

Jumamosi iliyofuata, uvimbe umeshuka, nilikwenda stendi kulisubiri basi la Tunduru. Yule mlalaji alishuka kwenye usukani amevaa kofia yake ya viua, akanikumbatia. Nilimuuliza habari ya siku ile ya maabara. Ikabidi afikiri kwanza.

"Ah, yule. Ndiyo, nilimbeba. Si mlikuwa mnacheka?"

"Mbona hukuwahi kusema?"

"Niseme nini? Alikuwa mwepesi. Na mimi nilikuwa natafuta sababu ya kwenda bwenini nikalale."

Nikamuuliza kama ni kweli halali barabarani, maana kundi zima bado lina wasiwasi. Akaapa kwa Mungu. "Ndugu yangu, usingizi wangu wote niliumaliza shuleni. Alhamdulillahi, sasa hivi hata kitandani unanipa tabu."

Wanangu niliwasimulia upya. Yule wa mwisho akauliza, "Sasa wewe baba ulifanya nini?" Nikamwambia nilicheka. Akasema hadithi ya zamani ilikuwa nzuri zaidi, na mimi nikakubaliana naye.

Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, daktari alikuja dukani. Amenunua kipande cha shamba njia ya Peramiho, anataka kulima mahindi kwa mara ya kwanza maishani. Aliingia na karatasi yenye maswali, akaenda moja kwa moja kwenye mfuko wa mbolea ya kukuzia, akauliza akiichanganya vizuri na mbegu kwenye shimo moja, mahindi yataota baada ya siku ngapi.

Wateja wawili wakageuka kumtazama. Mimi kicheko kilishafika kooni. Nikakohoa kidogo, nikazunguka kaunta, nikamvutia kiti.

"Kaa, daktari," nikamwambia. "Hii ni ya kukuzia, unaiweka mahindi yakishasimama. Ya kupandia ni hii hapa. Ngoja nikuonyeshe."

Tulikaa karibu saa nzima. Aliandika kila kitu kwa mwandiko ambao nadhani hata yeye hawezi kuusoma. Anasema mahindi yameota vizuri, yamefika magotini. Sijaenda kuyaona. Ameniambia nisiende bila taarifa, na nahisi mahindi hayo bado hayajayaona magoti.