Mchuma Chai wa Boito Akataa Wimbo wa Mumewe Ufungiwe

Umande bado haujakauka, na Tecla Chepkurui ameshafika katikati ya mstari wake wa chai hapa Boito. Vidole vinachuma, vinatupa kikapuni mgongoni. Anaimba kwa sauti ya chini. Wachumaji wa mistari ya jirani wanaitikia.

Wimbo huo ulitungwa na mumewe, Bethwel, uimbwe makaburini. Kisha naye akafariki, wakamwimbia huo huo. Mwaka jana, 1996, Tecla aliuza ndama ili urekodiwe kwenye kanda mjini Kericho.

Kanda zilitoka na karatasi ya herufi kubwa: "HAKI ZOTE ZIMEHIFADHIWA. NI MARUFUKU KUIMBA HADHARANI AU KUNAKILI". Chini, kwa herufi ndogo kama siafu, "bila idhini ya mwenyewe". Tecla hakuisoma. Macho yake yaliishia kwenye picha ya Bethwel.

Alilijua katazo hilo Machi mwaka huu, katika mazishi kule Chepseon. Marehemu alikuwa ameuomba wimbo huo. Jeneza likashushwa, kwaya kimya.

"Nikamuuliza mwalimu wa kwaya, mbona hamwimbi?" anakumbuka. "Akaniambia, 'Mama, tumekatazwa. Imeandikwa kwa kanda. Sisi ni watu wa kanisa, hatuibi.'"

Tecla aliimba peke yake mpaka kaburi likajaa.

Jumatatu alikuwa dukani kwa Mokaya, aliyemrekodia.

"Mama, hiyo ni ya kukulinda," Mokaya alimwambia. "Nikiiondoa, wezi wa kanda watakula jasho lako."

"Sijasema uiondoe. Igeuze. Ruhusa ikae juu, kwa zile herufi kubwa. Masharti yakae chini."

"Lakini hakuna kanda inaandikwa hivyo!"

"Basi hii ndiyo ya kwanza. Ama wewe ndiye mjane?"

Mokaya akacheka, akatafuta kalamu.

Karatasi mpya inasema: "IMBENI WIMBO HUU, NAKILINI, MPEANE. Jina la Bethwel lisiondolewe. Anayetaka kuuza aniulize kwanza."

Shemeji yake, Kipkirui, analalamika kwamba amegawa urithi wa watoto.

"Anayefanya biashara atanilipa," Tecla anajibu, mikono haijasimama. "Anayezika, nimdai nini?"

Desemba, familia ya Chepseon itajengea kaburi lile saruji, na kwaya imemwalika. Amepanga kusimama nyuma kabisa.

"Safari hii siimbi. Nataka kuwasikia wao," anasema. "Na akitokea wa kusema ni marufuku, aje aniambie mimi, hapo hapo kaburini."