Salamu za Mama Carol na Saa ya Kidole

Truphena, ambaye sote tunamwita Mama Carol, hawezi kumpita mtu bila kumsalimu. Na salamu za kijijini kwao Petta si "habari, nzuri" basi yakaisha. Atakuuliza ulivyolala, wazee, watoto, ng'ombe, na kama mvua imefika kwenu. Kila asubuhi huvuka mpaka kwa miguu kutoka Busia ya Uganda, aje tuchambue maharagwe kwenye ghala moja upande wa Kenya. Njiani wapo watu kumi na wanne ambao lazima awajulie hali. Nimewahesabu.

Zamani hakuna aliyejali. Kisha ikaletwa mashine ya kubonyeza kidole, na kanuni yake ikabandikwa ukutani: muda utahesabiwa kwa robo saa iliyo karibu. Kazi inaanza saa moja. Ukichelewa dakika saba, umesamehewa. Ya nane ikigonga, umepoteza robo saa nzima. Mama Carol na dakika ya nane wakawa chanda na pete.

"Si upunge tu mkono upite?" nilimwambia.

"Madina, mkono inaweza kuuliza mtu kama amelala muzuri?"

Nikarudi kwenye maharagwe yangu.

Mwezi uliopita ndipo mambo yalipokaza. Anayetimiza saa zake zote za mwezi hupewa Jumamosi moja ya mapumziko, na Mama Carol aliitaka Jumamosi hiyo kuliko chakula. Bintiye alikuwa anahitimu Chuo Kikuu cha Busitema. Baba yake Carol alishafariki, ndugu wako mbali. Mama asipokwenda, jina la mtoto lingeitwa na asiwepo hata mmoja wa kumpigia kigelegele.

Siku ya majibu, msimamizi wetu Omaido alifungua karatasi za mashine.

"Mama Carol, umepoteza robo kumi na moja. Jumamosi utakuja kazini. Pole sana."

Mama Carol hakubisha. Alitazama sakafu tu, na hapo ndipo nilipopandwa na hasira, maana mimi kimya cha mtu mwema sikiwezi.

"Umesoma asubuhi peke yake!" nikamwambia Omaido. "Soma na jioni!"

Maana kazi inaisha saa kumi, lakini Mama Carol haagi kwa jumla. Anaaga mmoja mmoja, mpaka mlinzi na mke wa mlinzi, ambaye wala hayupo. Ndipo anabonyeza kidole. Na kanuni ile ile ya ukutani inasema dakika ya nane ikipita saa kumi, umeongezewa robo.

Omaido ni mkali, lakini si dhalimu. Akashusha kidole kwenye karatasi polepole, midomo ikihesabu. Akarudia.

"Kumi na saba," akasema. Akacheka mpaka akavua miwani. "Mama, ghala ndilo lenye deni lako. Nenda kwa mtoto."

Jumamosi hiyo, saa tano hivi, simu yangu ililia, Mama Carol akipiga. Niliifungulia sauti, nikaiweka juu ya meza ya maharagwe. Tukasikia kipaza sauti kikiita majina, na kwa mbali jina la Carol. Kisha kikapasuka kigelegele kimoja, kirefu, cha mtu mmoja tu, kikaendelea hata baada ya jina la aliyefuata kuitwa. Sote tuliacha kuchambua. Nililia, sioni haya kusema, na Omaido hakutuhimiza turudi kazini.