Shikamoo, Bibi

Kila ninaponusa mafuta ya karafuu sokoni, naiona mikono ya mama. Asubuhi vidole vilikuwa havikunjiki, vifundo vimevimba, vya moto. Nilikuwa nikimkanda kwa mafuta hayo kabla ya kwenda skuli, naye akiuma ncha ya kanga asitoe sauti. Nyumbani wakisema ni baridi yabisi, itapita.

Mama alikuwa mchoraji hina. Maharusi wa mtaa mzima walipita mikononi mwake, mpaka siku piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea, lilipomponyoka likaharibu nguo ya bibi harusi. Tangu hapo akawa wa chumbani, dirisha kalifunga. Hacheki, chakula anakigusa tu. Mvi zikamjaa na mgongo ukampinda, na bado alikuwa na mtoto wa kunyonya.

Siku moja bibi, mama yake mzazi, alimbembeleza mpaka akakubali kutoka. Tukaenda soko la Malindi kununua samaki. Muuzaji, mwanamme mwenye ndevu zake, akamtazama mama kwa heshima.

"Shikamoo, bibi. Na huyu ni mdogo wako?" Alikuwa akimwonesha bibi yangu kwa kidole.

Bibi akafungua mdomo amrekebishe. Mama akamgusa mkono.

"Marahaba," akajibu. "Ndiyo, mdogo wangu."

Njiani bibi alilia, akijifuta kwa buibui. Mama hakulia. Alisema tu, "Mama, mie nshachoka. Nirudishe ndani."

Tukamrudisha, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kachoka na nini.